Waliosema Popote

Mzee Eleuterio Despaigne hakuwa amekanyaga ardhi tangu mwaka juzi, alipoteleza bafuni nyonga ikavunjika. Madaktari waliiunga, naye akajifunza upya kutembea na gongo kutoka kitandani hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi roshani. Roshani ndiyo ilikuwa mwisho wa dunia yake. Chini ya hapo palikuwa na ngazi za ghorofa nne zisizo na lifti, na ngazi hizo, ajabu ya Mungu, alizijenga yeye mwenyewe.

Wala si maneno ya kupamba. Zamani zile kiwanda chao cha saruji kilitoa wafanyakazi wakajijengee nyumba pembeni mwa mji wa Santiago de Cuba, na Eleuterio alishika mwiko pamoja na wenzake mpaka jengo likasimama. Kila kidato cha ngazi ile alikimwaga zege kwa mikono yake. Sasa vidato hivyohivyo vimemfungia juu kama kuku tunduni. Ukitaka kumwona mzee akiwaka, mkumbushe hilo.

Kila asubuhi alishusha kikapu kwa kamba kutoka roshani. Muuza mkate akifika, Digna, jirani wa nyumba ya chini kabisa, alimchukulia mkate wake wa mgao, akautia kikapuni, siku nyingine akaongeza na kichupa cha kahawa.

"Vuta, shemeji!" angeita Digna.

"Navuta, Mungu akulipe!"

Na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya siku nzima. Mumewe Digna, marehemu Nemesio, alikuwa rafiki mkubwa wa Eleuterio, wajenzi wote wawili wa jengo lile. Tangu amezikwa, kikapu ndicho kilichobaki kuwaunganisha.

Yaneisi, binti pekee wa mzee, alikuwa mtengenezaji wa programu. Mchana aliandika programu za ofisi moja ya maghala, na muda uliobaki alikuwa na kazi ya pili isiyolipa sana ila aliyoipenda zaidi, ya kutafutia watu nyumba za kubadilishana. Kule nyumba hainunuliwi hivihivi. Watu wengi hawana cha kununulia, wana kuta zao tu, basi hupeana kuta. Jumapili hukutana kwenye uwanja wa Plaza de Marte na vipande vya boksi vifuani. Upande wa kushoto mtu huandika alichonacho, upande wa kulia anachokitaka, kisha huzunguka akisoma vifua vya wenzake bila aibu.

Shida ni kwamba wawili kutakana ni bahati nasibu. Wa mtaa wa Sueño anataka mtaa wa Vista Alegre, wa Vista Alegre anataka Tívoli karibu na mama yake, na wa Tívoli hataki hata kusikia habari za Vista Alegre, anataka Sueño. Hao watatu wakijuana, wote wanapata. Wasipojuana, watazeeka kila mmoja kwenye nyumba asiyoitaka. Kwa miaka mingi kazi ya kuwajulisha ilikuwa ya Wilfredo Bandera, dalali mnene mwenye kicheko cha kuamsha watoto, ambaye mji mzima humwita Fito. Aliibeba minyororo yote ya namna hiyo kichwani mpaka kichwa kikaanza kuvuja.

Ndipo Yaneisi akamtengenezea programu. Aliiandika kwa lugha ya programu iitwayo Python, na data akaiweka katika SQLite, hifadhidata isiyodai seva wala mtandao. Inakaa ndani ya programu yenyewe kama kiini ndani ya yai, na vyote ulivyonavyo ni faili moja. Hilo ndilo lililoifaa Santiago. Mtandao ukilala, yenyewe haina habari. Umeme ukikatika, na hukatika, betri ya kompyuta yake ya kupakata ilitosha kumaliza kazi. Ndani yake kulikuwa na jedwali ambalo kila nyumba ilipewa mstari wake, ukionyesha mtaa, jengo, ghorofa, na mwishoni safu za mtu anataka wapi na ghorofa gani. Majina hayakuwemo, namba tu, maana Fito alikula kiapo kwamba wateja wa dalali ni siri ya dalali. Yaneisi akaandika swali moja refu la kuunganisha jedwali lile na lenyewe, tena na tena, unachotaka wewe kilingane na alichonacho yule, mpaka mnyororo urudi ulikoanzia.

Mashine ikawa gumzo. Ilimpatia mwalimu wa Los Hoyos nyumba karibu na shule yake. Iliwatenganisha mume na mke waliokwisha kupeana talaka ila wakawa bado wanalala chumba kimoja, pazia katikati, wakigombania jiko. Siku waliyohama, yule mwanamke alimbusu Yaneisi mashavuni, akaibusu na kompyuta.

Lakini mzee Eleuterio alibaki juu.

"Mganga hajigangi, dada," Fito alimwambia Jumapili moja pale Plaza, akijifuta jasho kwa kofia. "Mji mzima unahama, baba yako anachungulia tu."

Ilimuuma Yaneisi. Iliuma kwa sababu ilikuwa kweli, na iliuma zaidi kwa sababu Fito alikuwa akicheka.

"Nani atakayetaka ghorofa ya nne bila lifti?" alijitetea.

"Wapo! Kuna wapenda upepo. Tena mwizi hapandi mpaka ghorofa ya nne, anachoka njiani. Mimi nimebadilishia watu nyumba mbaya kuliko hiyo. Wewe hebu iulize vizuri hiyo mashine yako."

Yaneisi akaketi kwenye benchi, akafungua kompyuta magotini. Safari hii aligeuza swali. Badala ya kutafuta minyororo, aliuliza ni nyumba zipi ambazo hazijawahi kuingia kwenye mnyororo wowote, hata ule ulioishia njiani. Alitegemea mbili tatu. Likaja kundi zima. Akaziangalia zile safu za mwisho, za mtu anataka wapi, akakuta hazina kitu. Python huandika pengo kwa neno lake, None, yaani hakuna kitu, nalo lilishuka skrini nzima kutoka juu hadi chini. Namba ya babake ilikuwa humo katikati.

"Fito. Hawa mbona hukuwaandikia wanataka wapi?"

Fito akainama, tumbo likafunika nusu ya skrini. "Nimewaandikia. Hao ndio wangu wa popote."

"Popote iko wapi? Mimi naona tupu."

"Si ndiyo hiyo! Tupu ndiyo popote. Kwani wewe umezaliwa mji gani? Mtu akija hapa na boksi lake, upande wa kulia hakuna neno, nani haelewi? Huyo yuko radhi kwa lolote. Ndio wateja wazuri hao, hawana makuu. Mchagua jembe si mkulima, dada."

Na Fito hakukosea, kwa desturi ya pale. Miaka nenda miaka rudi, boksi lenye upande mtupu ndilo lilikuwa la adabu kuliko yote. Mtu husema hivyo asionekane anajitakia, na mwenye macho humwelewa. Lakini mashine haikulelewa Plaza de Marte. Kwa hifadhidata, tupu maana yake si popote. Maana yake ni sijui. Ukiiuliza kama tupu ni sawa na Sueño haikwambii ndiyo, haikwambii hapana, inakwambia sijui. Hata tupu kwa tupu hazilingani, maana asiyejulikana atafananishwaje na mwingine asiyejulikana? Na mstari wenye jibu la sijui huachwa nje, kimyakimya, bila onyo wala kelele. Yaneisi aliyasoma haya chuoni, akafanyia mtihani, akapasi. Kisha akatengeneza ukurasa wa kuandikia ambao mtu akiruka pengo unampigia saluti apite.

Alimweleza Fito, na Fito, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, hakucheka.

"Kwa hiyo waliodai makubwa wamepata," alisema taratibu, "na hawa waliosema chochote kitatosha..."

"Hawajapata chochote."

"Lo. Mkono mtupu haulambwi, kumbe hata na mashine."

"Baba alikwambiaje hasa?" Yaneisi alimkazia macho. "Siku ile ulipopanda kumwandika."

"Alinipa kahawa. Nikamuuliza, mzee wangu, unataka wapi? Akasema, popote pale, mwanangu, msijisumbue. Nikaruka pengo."

"Na hukumuuliza tena?"

Fito akaivaa kofia yake, akaivua. "Dada, usinikasirikie. Mimi ni dalali. Wewe ni mwanawe, na hukumuuliza hata mara moja. Ulinituma."

Yaneisi alikuwa anaishi nyumba moja na babake, anampikia maharage, anamkata kucha, anamfokea kwa dawa, na swali moja lile alilituma kwa dalali kwa sababu siku hiyo alikuwa na haraka. Akafunga kompyuta akaenda zake.

Alifika nyumbani umeme umekatika. Akakaa kitandani kwake, dirisha wazi kwa ajili ya mwanga, akalirekebisha swali kwamba palipo pengo pahesabiwe kuwa panakubaliana na pote. Betri ilikuwa imeshuka. Majibu yakaporomoka, minyororo kwa minyororo, watu wale wa popote wakatokea kila mahali kama wageni waliosikia kuna karamu. Aliipanga mifupi itangulie. Wa kwanza ulikuwa na pingili mbili tu, namba ya babake na namba nyingine. Akasoma mstari wa ile nyingine. Mtaa uleule. Jengo lilelile. Ngazi ileile. Nyumba ya chini kabisa.

Alidhani ni kosa, kwamba nyumba yao imejikuta yenyewe kwenye kioo. Akahakiki. Zilikuwa nyumba mbili, watu wawili, wote wawili wamesema popote, wakapishana ndani ya faili moja miezi yote ile bila kuonana, maana tupu na tupu hazilingani. Na kwenye ngazi yao nyumba ya chini kabisa ilikuwa moja tu.

Akatoka roshani mbio. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, akiwachungulia wacheza domino waliopanga meza kivulini kule chini.

"Baba! Imepatikana nyumba ya chini!"

Uso wa mzee ulifunguka hata ungeona alivyokuwa kijana. "Wee! Wapi?"

"Hapa hapa. Kwa shangazi Digna. Amejiandikisha kuhama."

Uso ukafungwa. Hivi hivi, kama mlango uliosukumwa na upepo.

"Hapana."

"Hapana nini? Si ulisema popote?"

"Popote, ila si pale."

"Baba, kuna nini?"

Mzee aliizungusha kamba ya kikapu kidoleni, akaizungua, akaizungusha tena. "Nyumba ile ilikuwa yangu," alisema.

Yaneisi akaketi sakafuni.

"Jengo lilipokwisha tulikaa mkutano, tukapigiana kura nani apate ipi. Mimi sikuwahi kukosa kazi hata siku moja, wakanipa ya chini. Nemesio akapewa hii. Na Nemesio alikuwa na mama yake, sukari imemla miguu yote miwili. Sasa mama asiye na miguu atapanda huku? Nikasimama nikasema, mimi napenda upepo, tubadilishane. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa na mimba yako. Alininunia mpaka ulipozaliwa." Akacheka kidogo. "Kutoa ni moyo, mama. Lakini ukitoa kitu halafu ukabaki unakizungukia kama paka na samaki, hukutoa, ulikopesha. Leo rafiki yangu yuko kaburini, niende kwa mjane wake nikamwambie, shemeji, ondoka? Nitajitazama vipi?"

"Lakini yeye mwenyewe anataka kuhama!"

"Anataka kwenda anakokutaka yeye. Si mimi nimkimbize."

Alikuwa mkaidi, na Yaneisi alimjua, ukaidi ule ndio uliomwaga zege. Akaacha kubishana. Akasogea akaweka kichwa kwenye goti la babake, lile la upande mzima.

"Basi tumwache shangazi. Mimi nakuuliza, baba, si Fito. Wewe unataka wapi?"

"Nimeshasema, popo..."

"Usiniambie popote."

Kule chini mtu alibamiza kete mezani, wenzake wakamzomea.

"Umesikia?" alisema mzee. "Yule ni Osmani, ameicheza sita-sita mapema tena. Kila siku! Mimi naona kutoka huku, napiga kelele, hanisikii." Akaelekeza gongo lake kule chini. "Nataka mlango unaofunguka uani. Uani hapa, mama, si kwingine. Niwakosoe nikiwa karibu. Ukinipeleka Vista Alegre penye miti na majumba mazuri, kule nitamkosoa nani?"

Yaneisi alilia, tena kwa sauti, na hakuficha. Kumbe baba alikuwa anajua anachokitaka, mpaka jina la mchezaji.

Akajifuta, akashuka. Digna alifungua mlango kamba ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, maana alikuwa bado akishonea watu. Nyumba ilinukia kahawa na ukungu. Ukuta wa nyuma ulikuwa na doa la unyevu lililopanda mpaka kiunoni, na kifua cha Digna kilipiga mluzi mdogo kila alipovuta pumzi.

"Shangazi, umejiandikisha kwa Fito?"

Digna akajiziba mdomo. "Nani kakwambia? Fito? Nitamkata ulimi! Eleuterio anajua?"

"Si Fito, ni mashine. Kwa nini hukuniambia mimi? Nakaa juu yako."

"Ningekwambiaje?" Akamvuta ndani, akafunga mlango kana kwamba jengo zima linasikiliza, na kwa jengo lile huenda lilikuwa linasikiliza. "Nemesio aliniachia wasia mmoja tu, mwanangu. Nyumba hii, Digna, ukipata nafasi mrudishie mwenyewe. Basi. Baada ya mazishi nikapika pudingi ya karameli, nikapanda nikamwambie. Unajua alichonifanya? Alinizungumzisha besiboli! Besiboli mpaka pudingi ikaisha! Alijua nimekuja kusema nini yule mzee, akanifungia njia kila upande. Nikashuka na sahani tupu."

"Halafu baba akaanguka."

"Akavunjika nyonga. Na tangu hapo kila asubuhi kikapu kile kinapita dirishani kwangu. Natia mkate, nasema vuta shemeji, nikirudi ndani najiona mwizi. Miguu yangu mizima imekaa chini, yake mibovu imekaa juu. Hata kwa kifua hiki daktari ananiambia niupate upepo, na upepo wote uko kwenu! Lakini nikimwambia chukua, ataona namtupia zawadi yake usoni. Nikamwambia Fito, popote. Popote nisipokiona kikapu kile." Akamshika mkono. "Usimwambie nimesema haya. Niapie."

Yaneisi akaapa, kisha akatoka akaketi kwenye kidato cha pili cha ngazi, akacheka peke yake mpaka paka akamkimbia. Mmoja hataki kuomba, mwingine hawezi kutoa, na yeye kati yao amefungwa na kiapo. Kama ni adabu, hii ilikuwa imezidi. Inafaa adabu nyingine ipigwe faini.

Akampigia Fito simu.

Jumamosi Fito alipanda ghorofa nne akiwa amevaa shati lililopigwa pasi na tai ya marehemu babake. Alipofika alikuwa mwekundu kama nyanya. Yaneisi alikuwa amemwita Digna kwa kisingizio cha kuja kupima mapazia. Mzee na Digna waliketi pembe mbili za sebule, kila mmoja anatazama ukuta wake.

"Ndugu zangu," Fito alianza, akiiweka kompyuta mezani kama padri anayeweka msalaba, "mimi leo sikuja kwa hiari yangu. Mashine imetoa matokeo. Imepima nyumba zote za Santiago, na inasema nyumba hii na ile ya chini zibadilishane."

"Mimi sikuiomba," alisema mzee haraka.

"Wala mimi!" alisema Digna, haraka zaidi.

"Hamkuomba! Nani kasema mmeomba? Mlisema popote, nyote wawili, nina ushahidi. Sasa tatizo ni hili." Hapo Fito akashusha sauti, na Yaneisi akaanza kuogopa, kwa sababu walichokubaliana kilikuwa kimeishia hapo. "Ninyi ni pingili. Mkikataa, mnyororo wote unakatika. Kuna familia za Tívoli zimeshafunga mizigo. Kuna bibi mmoja analia, nimemwacha analia."

Hakukuwa na bibi. Mnyororo ulikuwa na pingili mbili, na zote mbili zilikuwa zimeketi sebuleni.

Mzee Eleuterio alimtazama Fito muda mrefu. Alikuwa ameishi na waongo maisha yake yote, kiwandani na kwenye domino, na hakuwa mtu wa kudanganywa na tai. Kisha akamgeukia Digna. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama hivyo tangu ile pudingi.

"Shemeji," alisema, "mimi sipendi kumharibia mtu."

"Wala mimi sipendi, kaka Eleuterio."

"Yule bibi wa Tívoli asije akapata maradhi."

"Maskini. Asije akapata."

"Unaupenda upepo wewe?"

"Nimeambiwa na daktari," alisema Digna, na kifua chake kikapiga mluzi kama shahidi.

"Basi," alisema mzee. "Kama mashine imeshasema."

Mambo ya mthibitishaji wa hati na mihuri yalikwenda kwa mwendo wake, na mwendo wake watu wa kule wanaujua, kwa hiyo nayapita. Yaneisi hakukaa bure. Alilijenga jedwali upya, akahamishia data zote humo, na safu ile ya mtu anataka wapi akaifanya ikatae kuachwa tupu. Fito akijaribu kuruka, programu inamgomea. Alilalamika wiki nzima kwamba sasa inambidi azungumze na watu. Kisha akazungumza nao, mmoja mmoja, wale wote wa popote, akarudi kwa Yaneisi macho yamemtoka.

"Dada, hakuna hata mmoja! Hakuna hata mmoja aliyekuwa anataka popote! Kuna mzee anataka dirisha linaloonyesha uwanja wa besiboli. Kuna mama anataka asiwe karibu na dada yake. Kwa nini hawakusema?"

"Uliwauliza mara ya pili?"

"Nimewauliza mara ya pili."

Siku ya kuhama jengo zima lilitoka. Mizigo ya Digna ilipanda, ya Eleuterio ikashuka, ikakutana katikati ya ngazi, na hapo pakawa na matusi, vicheko, na kabati moja lililokataa kwenda mbele wala nyuma. Mzee alishushwa mwisho. Wacheza domino walimbeba kwenye kiti chake, Osmani mbele, wakilalamikia uzito wake, naye akiwalalamikia ngazi.

"Polepole hapo! Kidato hicho kimepinda."

"Si ulikimwaga wewe, mzee?"

"Nilikimwaga mimi, ndiyo maana najua. Siku hiyo Nemesio alikuwa ananichekesha."

Yaneisi aliwatangulia. Alikuwa ameifungua programu kwenye meza ya domino, akaandika mabadiliko mawili ndani ya muamala mmoja, babake nyumba ya chini, Digna nyumba ya juu. Hifadhidata hukubali jambo la namna hiyo kwa sharti kwamba ama yote mawili yaingie, ama hakuna hata moja, hakuna mtu kubaki ngazini. Alikuwa bado hajathibitisha. Walipomfikisha mzee chini, aliwaambia wamwache. Akasimama kwa gongo, akavuka baraza ya saruji mwenyewe, hatua fupi fupi, akaenda mpaka penye udongo, akaukanyaga. Yaneisi akabonyeza kuthibitisha, halafu akashindwa kuiona skrini.

Kesho yake asubuhi mzee alikuwa mlangoni kwake mapema, kiti kimegeuzwa uani. Muuza mkate akapita. Mzee akachukua mkate wake, akachukua na wa Digna, na kabla hajajua aufanyeje, kitu kikamgusa bega. Kilikuwa kikapu, kinashuka kwa kamba ileile kutoka ghorofa ya nne.

Digna alikuwa na miguu mizima. Angeweza kushuka kuufuata mkate wake, na wote wawili walilijua hilo. Mzee alitia mkate kikapuni, akaingia ndani polepole na gongo lake, akarudi na kichupa cha kahawa, akakisimamisha vizuri kisimwagike. Akaishika kamba akaitikisa.

"Vuta, shemeji!"

"Navuta, kaka," sauti ikajibu kutoka juu, penye upepo, "Mungu akulipe!"

Akakitazama kikapu mpaka kikapita ukingo wa roshani. Kisha akamgeukia Osmani, ambaye alikuwa anazipanga kete, akamwambia leo asithubutu kuanza na sita-sita.